Mercedes 240D ya 1983: nimebadilisha shokomzoba mara mbili, sauti ya mbele haijaisha

Mkaazi_KahawaWest aliuliza:

Wakuu, hamjambo. Ninaendesha Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1983, ile ya bodi ya W123, ambayo marehemu baba aliitumia kwa safari za Nyeri na ambayo sasa inanipeleka kazini Industrial Area kila siku. Injini haina neno, kwani huwaka asubuhi ya baridi na kula dizeli kwa adabu. Kinachonisumbua kiko chini ya gari, upande wa mbele.

Ninapopanda tuta polepole, gurudumu la mbele kushoto hutoa sauti nzito ya "ngo", mara moja wakati wa kupanda na mara ya pili wakati wa kushuka, ilhali kwenye lami laini sauti hiyo haisikiki kabisa. Nikikanyaga breki nikiwa na mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika Thika Road, usukani hutetemeka na gari huvutwa kushoto. Isitoshe, tairi ya upande huohuo imelika kwa ndani hadi nyuzi zimeanza kuchungulia, na upande wake wa nje bado una mistari kama mpya.

Fundi wa kwanza, ambaye hufanyia kazi kando ya barabara, alisukuma boneti mara mbili akasema shokomzoba zimekufa. Nilinunua mbili za mbele na sauti haikupungua. Miezi miwili baadaye aliniambia kwamba nilikuwa nimeuziwa za bandia, nami nikanunua nyingine mbili, lakini "ngo" ikabaki palepale. Fundi wa pili amenipa orodha ya kila kipuri cha mbele, kuanzia springi hadi tairodi (chuma kinachosukuma gurudumu ligeuke ukizungusha usukani), na jumla yake inakaribia bei ambayo wanunuzi hunitajia kwa gari zima.

Naomba mnisaidie kujua nianzie wapi, kama vipuri vilivyotumika vya Kirinyaga Road vinafaa kwa kazi hii, na kama ni kweli kwamba bushi (vile vikombe laini vinavyokaa kati ya vyuma kwenye maungio) ngumu za poliyurethani, aina ya plastiki, hudumu kuliko za mpira katika barabara zetu.

Fundi_Mstaafu_Kariobangi alijibu:

Pole kwa gharama ya shokomzoba nne. Karibu kila mwenye W123 aliyeniletea sauti ya namna hiyo alikuwa amekwisha kununua shokomzoba kwanza, kwa sababu ndicho kipuri ambacho jina lake linajulikana na kila mtu. Kazi ya shokomzoba ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kukandamizwa. Ikifa, gari huyumba kama mashua, na tairi hulika mabonde mabonde kuizunguka. Haiwezi kuila tairi kwa upande wa ndani peke yake, wala haina nguvu ya kulivuta gari kushoto wakati wa breki. Dalili zako zinasema kwamba gurudumu halikai mahali lilipopangiwa, na kinacholishikilia mahali pake ni mikono ya juu na ya chini (vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi), boljointi (maungio ya duara yanayoliruhusu gurudumu kugeuka), na bushi za mpira zilizo kwenye maungio yake.

Usinunue chochote kabla ya kukagua. Inua gari, liweke juu ya stendi imara (si juu ya tofali, ambalo hupasuka bila kuaga), kisha ushike gurudumu kwa juu na kwa chini na kulitikisa. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa: mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi za habu (kitovu cha gurudumu), na ukibaki, liko kwenye boljointi. Beringi za mbele za gari hili hurekebishwa kwa nati yenye kibano, na nafasi inayoruhusiwa ni milimita 0.01 hadi 0.02, kiasi ambacho mkono wa mtu hauwezi kukisikia, kwa hiyo mchezo wowote unaoweza kuuhisi umekwisha kuzidi. Kisha shika gurudumu kwa kushoto na kulia, huku ukitazama tairodi na ule mkono wa kusaidia usukani ulio upande usio na sanduku la usukani, kwa kuwa bushi zake husahauliwa miaka mingi.

Boljointi ya chini ndiyo ninayokuomba uiheshimu. Springi ya gari hili imekalia mkono wa chini, hivyo uzito wa kona nzima hupitia boljointi hiyo, na siku ikichomoka gurudumu hulala ukiwa njiani. Unapoikagua, jeki ikae chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, ili springi ibaki imekandamizwa na boljointi ipumzike, ndipo uingize mtaimbo chini ya tairi na kuinyanyua kidogo kidogo. Boljointi ya chini huingizwa kwa presi, si kwa nyundo. Ile ya juu imeungana na mkono wa juu, kwa hiyo ikiisha hununuliwa pamoja na mkono wote.

Kuhusu breki, ukiacha diski zilizopinda, mimi ningeanza kushuku ule ufito unaouzuia mkono wa chini usirudi nyuma. Mpira wake ukiisha, kila unapokanyaga breki gurudumu zima husukumwa nyuma ndani ya madigadi na kurudi, na upande ulioisha ndio unaolivuta gari. Mtu asogeze gari mbele na nyuma hatua moja moja huku akikanyaga breki, nawe usimame kando, kamwe usiwe mbele ya gari, utazame nafasi kati ya tairi na madigadi. Mpira ukiwa mzima nafasi hiyo haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana.

Springi ziache mwisho. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, gari likiwa mahali tambarare. Vipimo vikilingana na gari halijainama pua, springi za chuma za mwaka 1983 bado zinaweza kutuzika sisi sote.

Dereva_wa_Rongai alijibu:

Naunga mkono maneno ya mzee, na ninaongeza jambo moja kuhusu Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan. Chuma kilichotumika unaweza kukinunua huko bila wasiwasi ukikikagua vizuri: mkono wa chini usiopinda, ufito, hata sanduku la usukani. Mpira uliotumika usiununue hata ukipewa bure, kwa kuwa mpira huzeeka ukiwa umekaa tu, na mkono unaouzwa pamoja na bushi zake mara nyingi umetoka katika gari lililokula mashimo yaleyale unayoyala wewe.

Jambo la pili ni la usalama. Ili kutoa bushi za mkono wa chini, springi ya mbele lazima itolewe, na springi hiyo imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Nimewahi kuona ikifungwa kwa nyaya na kamba ya kuvutia magari. Kama fundi wako hana kibano cha springi kilichotengenezwa kwa ajili ya magari haya, kile kinachoingia katikati ya springi, mlipe fundi aliye nacho.

Mkaazi_KahawaWest alijibu:

Ahsanteni sana. Jumamosi nilikwenda kwa fundi mwenye shimo la kukagulia, tukafuata maelekezo hayo hatua kwa hatua. Beringi zilikuwa na mchezo mdogo pande zote mbili, akazirekebisha palepale. Boljointi ni nzima. Mpira wa ule ufito wa kushoto, hata hivyo, umekatika kabisa, na gurudumu lilirudi nyuma kiasi cha upana wa kidole. Bushi za mkono wa chini wa kushoto zimevimba na kulainika kama ugali uliolowa mchuzi, na zile za kulia zimepasuka tu kwa uzee. Fundi anashangaa kwa nini pande mbili za gari moja zimeharibika kwa namna mbili tofauti. Anapendekeza tuweke poliyurethani ili tusirudie kazi.

BintiWaMakanika alijibu:

Kaka, tofauti hiyo ina maelezo. Mpira wa kawaida ukilowa dizeli au oili huinyonya, huvimba, kisha hupoteza nguvu zake, lakini mpira uliozeeka bila kuloa hukauka na kupasuka. Katika injini ya 240D, pampu ya kusukuma dizeli iko upande wa kushoto, pamoja na ile pampu ndogo ya mkono ya kuvuta dizeli, ambayo zile za zamani huvuja kwenye shina lake. Vimipira vya kurudishia dizeli vilivyo juu ya nozeli navyo hutoa jasho vikizeeka. Pangusa upande huo wa injini, washa gari kwa dakika ishirini, kisha upitishe karatasi nyeupe chini ya pampu. Ukibadilisha bushi bila kuzuia uvujaji, bushi mpya zitafuata njia ya zilizotangulia, na ukikagua mpira wa injini (ule unaoibeba injini) wa upande huo sidhani kama utaukuta salama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halijatajwa, na ambalo kwa maoni yangu huua bushi nyingi za Nairobi kuliko mashimo yenyewe. Bushi ya mkono wa chini haizunguki kama beringi. Chuma cha nje kimebanwa ndani ya mkono, cha ndani kimebanwa na bolti, na mpira ulioshikana na vyuma vyote viwili ndio unaojisokota gurudumu linapopanda na kushuka. Fundi akikaza bolti ile gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yakining'inia, mpira hushikwa ukiwa katika hali ya gurudumu lililoshuka kabisa. Gari likishushwa, mpira husokotwa papo hapo na kubaki umesokotwa usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa, na kila tuta huusokota zaidi kutoka hapo ulipokwisha kuchoka. Bushi ya namna hiyo hupasuka mapema, na mwenye gari hulaumu duka.

Kwa hiyo bolti zifungwe kwa mkono tu wakati gari liko juu. Lishushwe, lisukumwe mbele na nyuma mita kadhaa, litikiswe mbele mara chache ili likae katika kimo chake cha kawaida, ndipo bolti zikazwe likiwa limesimama kwa magurudumu yake, juu ya shimo la kukagulia. Bolti hizohizo ndizo zinazorekebisha mwinamo wa gurudumu, kwa hiyo zitiwe alama ya rangi kabla ya kulegezwa. Hata hivyo, usiamini alama peke yake. Kazi ikiisha, gari lipelekwe kupangwa magurudumu kwenye mashine siku hiyohiyo kabla tairi mpya haijaanza kuliwa.

Kuhusu poliyurethani, mimi ningekataa. Gari hili lilibuniwa na mpira unaomeza mtetemo, na injini ya dizeli ya silinda nne ina mtetemo wa kutosha bila kuongezewa mwingine kutoka barabarani.

Fundi_Mstaafu_Kariobangi alijibu:

Binti amesema kweli, nami nakiri kwamba niliruka hatua ya kukaza kwa sababu nimeizoea mno. Natofautiana naye kidogo tu kuhusu poliyurethani, kwani kwenye bushi za ile fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona sijaona ikileta madhara, mradi ipakwe grisi yake ili isilie. Lakini ndugu, fahamu kwamba katika W123 fimbo hiyo pia ndiyo inayouongoza mkono wa juu, kwa hiyo bushi zake zikiwa zimelegea, mashine ya kupanga magurudumu itakupa vipimo vizuri ambavyo havitafika hata Roysambu. Zikaguliwe kabla hujalipia mashine.

Bushi badilisha pande zote mbili. Boljointi ambayo ni nzima iache ilivyo.

Mkaazi_KahawaWest alijibu:

Narudi baada ya wiki tatu. Uvujaji ulikuwa kwenye pampu ndogo ya mkono, kama dada alivyosema, na karatasi ilionyesha hivyo kabla ya dakika kumi kwisha. Tuliiondoa na kuweka ya muundo mpya, na mpira wa injini wa kushoto tuliukuta umekwisha. Bushi za mikono ya chini na mipira ya fito zote mbili ni mpya, za mpira, na bushi za ile fimbo tulizibadilisha pia. Fundi mwenye kibano cha springi nilimpata, lakini alitaka kukaza bolti gari likiwa juu, akisema kwamba amefanya hivyo miaka yote. Nilimwomba kwa heshima tufanye kwa njia hii mara moja tu, naye akakubali kwa sharti kwamba niingie shimoni mimi mwenyewe kumshikia taa.

"Ngo" imekwisha, na shokomzoba zile nne, kumbe, zote zilikuwa nzima. Nikikanyaga breki katika kilomita 80 gari husimama likiwa limenyooka, ingawa bado kuna mtetemo mdogo sana ambao sasa nashuku unatoka kwenye diski. Usukani nao una mchezo wa upana wa vidole viwili kabla magurudumu hayajaitika. Bushi za mkono wa kusaidia usukani, ambazo mzee alizitaja mwanzoni, sikuzibadilisha kwa sababu fedha zilikuwa zimeisha. Je, naweza kuzibadilisha bila kurudi tena kwenye mashine ya kupanga magurudumu?

Fundi_Mstaafu_Kariobangi alijibu:

Bushi hizo unaweza kuzibadilisha bila kugusa urefu wa tairodi, na kazi yenyewe haizidi saa moja. Lakini zilizoisha ziliuachia mkono ule ukae upande, kwa hiyo vipimo ulivyolipia vilichukuliwa gurudumu moja likiwa limepinda kidogo. Zibadilishe, kisha umwombe yule mwenye mashine akupimie tena. Diski nazo zipimwe zikiwa bado kwenye habu, kwa saa ya kupimia mpindo, kabla hujanunua mpya.