Amiga 1200 na kaseti za mzee: biti 8, biti 14, skrini ya 31 kHz au kadi ya sauti?

mkunguni · Jumamosi, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za wikendi.

Nipo Ujerumani, na mwezi uliopita nimeokota Amiga 1200, kompyuta ya zamani ya Commodore, kwenye soko la mitumba. Ilikuja na kadi ya prosesa 68030 ya 50 MHz, RAM ya ziada MB 32, na kadi ya kumbukumbu ya CF badala ya diski. Nina rekodi za taarabu na dansi nilizozihamisha kutoka kaseti za baba, pamoja na CD chache, na nataka mashine hii ikae sebuleni ipige muziki kupitia amplifaya. Najua simu inaweza. Msianze.

Nimejaribu faili za biti 8 kwa 22 kHz. Sauti inatoka kama imefunikwa blanketi, na kwenye sehemu za taratibu nasikia kama mtu anatembea juu ya mchanga. Nikisoma huku na kule naona njia nne: kubaki na biti 8 lakini nipande hadi 28 kHz, ule ujanja wa biti 14, kubadili skrini iwe ya 31 kHz ili kasi ya sampuli ipande zaidi, au kununua kadi ya sauti. Ipi inasikika kweli masikioni, na ipi ni ya kwenye karatasi tu?

FundiSolda · Jumamosi, saa 3:42 usiku

Mkuu, mchanga na blanketi ni magonjwa mawili tofauti. Mchanga ni uchache wa biti. Blanketi sidhani.

Kwanza itazame taa ya umeme. Kwenye Amiga kichujio cha sauti kimefungwa pamoja na taa hiyo: ikiwaka kwa nguvu kichujio kipo kazini na kinakata kuanzia kama 3.3 kHz, ikififia kimezimwa. Kuna programu za muziki zinakiacha kimewashwa bila kukuuliza. Amiga 500 (A500) ya kabla yake ina kichujio kingine cha kudumu kinachokata mapema, karibu 5 kHz, ambacho hukizimi bila kugusa bodi. Kwenye 1200 hicho cha kudumu kimepandishwa juu sana, kwa hiyo ukizima cha taa uko huru.

Ikiwa taa imefifia na blanketi bado lipo, fungua mashine. Amiga 1200, 600, 4000 na CD32 zote zina kapasita ndogo za SMD (za kulehemiwa juu ya bodi) ambazo kwa umri huu huwa zimevuja, na zile za karibu na jeki za RCA zikichoka sauti inapungua, upande mmoja unakuwa mdogo kuliko mwingine, treble inakufa. Inusa bodi. Ukisikia harufu kama ya samaki, au ukiona lehemu imefifia rangi, usihangaike na programu yoyote mpaka ubadilishe.

ndugu_paula · Jumamosi, saa 4:25 usiku

FundiSolda kamaliza upande wa chuma. Mimi niseme hesabu.

Paula, chipu ya sauti ya Amiga, ina chaneli 4 za biti 8: 0 na 3 zinatoka kushoto, 1 na 2 kulia. Kila chaneli ina volyumu yake kuanzia 0 hadi 64. Ujanja wa biti 14 ni kuzipa chaneli mbili za upande mmoja kazi ya sampuli moja. Ya kwanza inapiga biti 8 za juu kwa volyumu 64. Ya pili inapiga biti 6 zinazofuata kwa volyumu 1, yaani kimya mara 64 kuliko mwenzake. Zinajumlishwa kwenye waya. 64 ni 2 kwa kipeo cha 6, kwa hiyo 8 na 6 zinaungana bila pengo. Kinadharia unatoka kwenye desibeli 48 hivi za biti 8 hadi 84.

Gharama yake ni kwamba chaneli zote nne zimekwisha. Huwezi kupiga kitu kingine pembeni. Na vigeuzi vya ndani ya Paula havijanyooka sawasawa, kila mashine ina upinde wake, ndiyo maana kuna toleo la biti 14 lenye urekebishaji. Unakaa na hedifoni, unasikiliza toni, unasogeza thamani mpaka mkwaruzo upungue, jedwali linahifadhiwa. Inachosha. Fanya mara moja, usiku, watoto wakiwa wamelala.

Kwenye AHI, mfumo wa sauti wa Amiga, utaiona kwenye orodha ya Paula: biti 14 ya kawaida, na biti 14 yenye urekebishaji.

Kuhusu kasi: Paula inachotewa data na DMA (njia ya kusoma kumbukumbu bila kupitia prosesa) mara moja kwa kila mstari wa skrini, baiti 2 kwa kila chaneli. Ndiyo maana kwenye skrini ya kawaida ya PAL inagota kwenye kama 28 kHz. Saa yake ni 3,546,895 Hz na unaigawa kwa namba kamili tu. Mimi hutumia 128, inatoka 27,710 Hz. Zigeuze faili zako kwa kasi hiyohiyo kwenye kompyuta ya kisasa kwa programu ya SoX, mashine isihangaike kubadili kasi huku inapiga. Stereo ya biti 16 kwa kasi hiyo ni karibu KB 110 kwa sekunde, wimbo wa dakika 4 kama MB 27. CF inabeba bila jasho.

MP3 usiijaribu kwa prosesa yako ya 68030 (030) ukitegemea ubora. Itafunguka kwa kupunguza ubora au kwa mono. Stereo kamili inataka prosesa ya 68060.

mzee_kaseti · Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Vijana mnanichekesha. Kaseti ya kawaida isiyo na Dolby (ya kupunguza mvumo), ukipata desibeli 50 na kidogo kati ya muziki na mvumo wa utepe umebahatika. Hiyo ni biti 8 na ushee. Unamimina maji ya kikombe kwenye pipa halafu unasifia pipa?

DadaMalindi · Jumapili, saa 2:50 asubuhi

Shikamoo mzee. Una hoja, na naomba niipanue maana watu wengi hawaijui. Mvumo wa kaseti unasaidia biti 8. Makosa ya kukadiria ya biti 8 yanafuata muziki: sauti ikishuka hayashuki nayo, yanabaki makali yakiufuata wimbo, ndio huo mchanga. Mvumo wa utepe ukiwa mkubwa kuliko hatua moja ya biti 8, unayatawanya makosa hayo yawe kelele laini isiyofuata wimbo. Wanaotengeneza sauti huongeza kelele ya namna hiyo kwa makusudi; utepe unakupa bure. Sharti ni kwamba rekodi iwe imepandishwa mpaka karibu na kilele kabla ya kukatwa kuwa biti 8. Mkunguni, naweka dau ulizihamisha zikiwa chini, kwa hiyo umetumia biti 5 au 6 tu.

CD haina bahati hiyo. Pale biti 14 inasikika hata kwa mtu asiyejali.

Ninapopishana na ndugu_paula ni kwenye 28 kHz. 1200 haina kichujio cha maana juu ya hapo. Kila sauti iliyo chini ya 14 kHz ina nakala yake iliyogeuzwa juu ya 14 kHz, na hizo zinatoka hadi kwenye spika. Ndio mng'ao wa bati unaosikika kwenye matoazi na kwenye herufi s. Ukiweka skrini ya Productivity, mistari inakuja kwa kama 31 kHz badala ya 15.6, DMA inachota mara mbili, na Paula inapanda hadi kama 57 kHz. Nakala zinahamia kusikosikika. Mimi napiga kwa kigawanyo cha 80, inatoka 44,336 Hz. Faili ya CD inakwenda kasi zaidi kwa nusu asilimia, na sijakutana na sikio la kulalamika.

Ubaya: lazima monita ikubali 31 kHz. Televisheni ya SCART itakuonyesha mistari tu.

ndugu_paula · Jumapili, saa 4:05 asubuhi

> Ndio mng'ao wa bati

Nakubali upo. Lakini kwa kaseti ambazo juu ya 12 kHz hazina kitu cha maana, utazisikia nakala kidogo sana. Kwa CD, sawa, umenishinda nusu.

FundiSolda · Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Kuna dawa ya senti chache. Kwenye waya wa RCA, kila upande, weka rezista ya kilo-ohm 1 mfululizo, halafu kapasita ya nanofaradi 10 kutoka hapo kwenda ardhi. Inaanza kukata karibu 16 kHz. Inashuka kama mteremko, usitegemee ukuta, lakini bati inapungua na huna haja ya monita mpya. Usitumie kapasita za seramiki za bei ya mwisho.

sidi64 · Jumapili, saa 6:12 mchana

Nyie mna chaneli nne za DMA na bado mnalia. Sisi wa Commodore 64 (C64) sampuli zetu tulizipitisha kwenye rejista ya volyumu ya SID, chipu yake ya sauti, anwani $D418, biti 4 tu, na zilisikika kwa sababu SID ya kwanza, 6581, ina kasoro ya umeme wa ziada kwenye njia ya sauti. SID mpya, 8580, ilipokuja kasoro ikarekebishwa, sampuli zikawa minong'ono. Watu wakarudisha kasoro kwa rezista kwenye mguu wa chipu wa kuingiza sauti ya nje! Baadaye mtunzi wa programu za C64 aitwaye Mahoney akaonyesha kwamba ukizipanga sauti tatu za SID na kichujio kwa namna fulani, biti zote 8 za rejista hiyo zinatoa viwango tofauti, kwa hiyo unapata kitu kinachokaribia biti 8 halisi. Prosesa ya PAL inatembea chini kidogo ya 1 MHz, kwa 44.1 kHz una mizunguko 22 kwa kila sampuli na skrini lazima izimwe. Halafu KB 64 zinakwisha kwa sekunde moja na nusu.

Kwa sebuleni? Hapana. Ni maajabu, si redio.

mzee_kaseti · Jumapili, saa 6:40 mchana

Hiyo ya kurudisha kasoro nimeipenda.

AtariBwana · Jumapili, saa 8:20 mchana

Mkumbuke Atari STE ya 1989: stereo ya biti 8 kwa DMA, 50,066 Hz, bila kubadili skrini, na marekebisho ya besi na treble ndani ya mashine. Kwa biti 8 kwa biti 8 inaipita Paula.

DadaMalindi · Jumapili, saa 8:33 mchana

Kwa biti 8, ndiyo. Ila ina chaneli mbili tu, hazigawanyiki kuwa 14.

mkunguni · Jumatano, saa 2:55 usiku

Narudi na majibu. Asanteni sana, na shikamoo mzee.

FundiSolda, harufu ya samaki ilikuwepo. Nimempa fundi mmoja hapa mtaani abadilishe kapasita zote, akanirudishia upande wa kushoto ukiwa kimya kabisa. Nikafungua mwenyewe: moja ilikuwa imewekwa kinyume na pedi imenyanyuka. Nimeunganisha kwa kipande cha waya, inafanya kazi, sijivunii sura yake. Blanketi limeondoka lote, kabla hata sijagusa AHI.

Kisha nikamweka mke wangu kwenye kochi bila kumwambia ni ipi. Kaseti, baada ya kuzipandisha kama alivyosema DadaMalindi (alipatia dau, kilele changu kilikuwa robo): biti 8 na biti 14 kwa 27,710 Hz alizichanganya ovyo, hakuweza kuzitenganisha isipokuwa mwisho wa wimbo unapofifia. CD: alitaja biti 14 kila mara. Biti 14 bila urekebishaji ilikuwa na mnong'ono mdogo kwenye piano, baada ya urekebishaji ukapungua. Nilitumia saa nzima na hedifoni.

Skrini ya 31 kHz sijaweza, naonea kwenye televisheni. Nimetengeneza waya wa kilo-ohm 1 na nanofaradi 10. Bati imepungua, haijaisha.

Swali la mwisho: kadi ya sauti hakuna aliyeigusa. Ina maana?

ndugu_paula · Jumatano, saa 3:20 usiku

Kadi za sauti kama Toccata ni za Zorro (nafasi za kadi za Amiga kubwa), 1200 yako haina nafasi hiyo. Kwa klokpoti (pini za upanuzi ndani ya 1200) zilikuwepo Delfina 1200 na Prelude 1200, zinatoa biti 16 safi, kupatikana ndio kazi. Kuna pia vifaa vya kuchomeka kwenye tundu la paralelo vyenye chipu ya MAS3507D inayofungua MP3 yenyewe, prosesa inapeleka baiti tu. Ila pale Paula hafanyi chochote. Ukifika huko ni heri ile simu uliyotukataza kuitaja.

DadaMalindi · Jumatano, saa 3:26 usiku

Mkunguni, anzisha Productivity hata kama huoni picha. Weka kicheza muziki kwenye startup (kianze chenyewe mashine ikiwashwa), zima televisheni, sikiliza. Sauti haihitaji monita.

mkunguni · Jumatano, saa 3:31 usiku

Sikuwaza hilo. Naenda kujaribu sasa hivi.