Tupeane uzoefu: leo mbio zinakubali, kesho miguu inagoma

Mgeni wa Mbio, Umoja
Hamjambo wanajamvi. Jumanne nilikimbia hadi barabara ya Outer Ring, hapa Nairobi, na kurudi, pumzi imetulia, nikafika nyumbani nikitamani kuongeza. Alhamisi njia ileile, alfajiri ileile, kichomi kikanikamata hata nusu sijafika. Nikarudi nikitembea, nikashinda mnyonge. Siku kama hiyo mnaipokeaje? Na ile nzuri je?

Mama Pacha, Kayole
Pole mdogo wangu. Mimi kwanza huutazama usiku uliotangulia. Watoto wakinikesha, mwili hauna cha kutoa, basi nakimbia dakika moja, natembea mbili, mpaka muda niliojiwekea uishe. Kilomita sizihesabu kabisa. Tena huwa nakimbia jioni baada ya kazi: githeri, yaani mahindi na maharagwe, nikiila saa tisa, saa kumi na moja kichomi hakinikosi.

Fundi, Kawangware
Niseme juu ya siku nzuri, maana hiyo ndiyo inayohitaji nidhamu. Pumzi hujengeka upesi kuliko mifupa na kano. Kifua kinasema twende, kumbe ugoko bado haujakomaa, na ugoko ukianza kuuma utakaa nje wiki nyingi. Kwa hiyo siku mwili umechangamka namaliza palepale nilipopanga, hata kama roho inataka mzunguko mwingine. Kipimo changu ni mazungumzo: nikishindwa kumwambia mwenzangu sentensi nzima bila kuhema, napunguza kasi. Kupanda vilima tunatembea, na hatuoni haya.

Mtoto wa Pwani, Kahawa
Ndugu zangu, aliyetoka Mombasa kama mimi asijilaumu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kuliko kule nyumbani. Mwili huzoea, lakini upe wiki kadhaa.

Mzee wa Karura
Wanangu, mtazameni Eliud Kipchoge. Oktoba 2019 kule Vienna alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Mwaka mmoja baadaye, London, sikio likaziba, akamaliza wa nane. Angehukumiwa kwa siku ile ya baridi na mvua, tungesema amekwisha. Mwaka 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki, na 2022 akaweka rekodi ya dunia Berlin, 2:01:09. Mimi siku mbaya naziandika daftarini pamoja na usingizi, chakula na hali ya hewa. Mara nyingi sababu inajitokeza yenyewe.

Muuguzi, Buruburu
Nakubaliana na mzee, ila siku mbaya zikifuatana wiki baada ya wiki, na hata ngazi za nyumbani zinakutoa pumzi, nenda ukapimwe damu. Upungufu wa damu ni wa kawaida kwetu wanawake, hasa hedhi ikiwa nzito, na hautibiki kwa kujikaza. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ukikimbia, simama papo hapo na umwone daktari.

Mgeni wa Mbio, Umoja
Asanteni sana. Muuguzi, ngazi napanda bila shida. Jumatano nililala saa nane usiku, nadhani jibu liko hapo. Jumamosi asubuhi nitakuwa msitu wa Karura, geti la Limuru Road, mwendo wa mazungumzo. Anayeanza kama mimi aje tukimbie pamoja.