Tupeane uzoefu: misemo ya Kiingereza iliyotokana na sarafu na chenji

Mtoa mada, Leicester
Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu kuhusu misemo ya Kiingereza inayotaja peni, shilingi na senti, kwa kuwa mtu aliyejifunza lugha hiyo vitabuni huweza kuelewa kila neno na bado maana ikampita.

Mimi nahudumia wazee majumbani mwao. Katika wiki yangu ya kwanza, bibi mmoja aliyepita miaka 80 aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anahitaji "to spend a penny", nami nikidhani anataka kununua kitu, nikamletea pochi yake. Alirudia mara mbili, akanyamaza, na nilipotambua kwamba alikuwa akiomba kupelekwa msalani, muda ulikuwa umeshapita. Alilia. Nilimsafisha na kumwomba radhi, lakini jambo hilo linaniuma hadi leo. Baadaye nilielezwa kwamba milango ya vyoo vya umma nchini Uingereza ilikuwa na kufuli zilizofunguka kwa kutumbukiza peni, na kwamba hata katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851 watu walilipa peni moja kutumia vyoo vilivyowekwa na fundi George Jennings. Bibi yule alikuwa akijisitiri kwa maneno, kama sisi tunavyosema "kwenda haja". Anayefanya kazi kama yangu aushike msemo huu kabla ya mingine yote.

Mwalimu wa sekondari, Tanga
Pole sana, dada. Kwangu uliosumbua ni "the penny dropped", yaani mtu ameng'amua jambo baada ya kukawia. Wanafunzi waliukariri tu, mpaka nilipowasimulia simu za sarafu tulizotumia zamani: unatumbukiza sarafu, inakwama, unagonga kwa kiganja, kisha unaisikia ikianguka ndani na laini inafunguka. Mashine za sarafu za Waingereza nazo zilifanya kazi kwa namna hiyo. Tangu siku ile, mwenzao akikokotoa hesabu ngumu na ghafla akaielewa, darasa zima husema, "Imeanguka!"

Mpangaji, Minneapolis
Huku Marekani sarafu ya senti 5 huitwa "nickel" na ya senti 10 huitwa "dime". Nilipokuwa nikitafuta nyumba, mzee mmoja jirani alinionya kwamba mwenye nyumba niliyoipenda "will nickel and dime you". Niliposikia senti, nilifurahi, nikaamini ananiambia kwamba kodi ni nafuu, nikatia saini mkataba wa mwaka mzima. Ndipo zikaanza kuja ada ya taka, ada ya maegesho, ada ya mashine ya kufulia na ada ya kulipa kwa kadi, kila moja ikiwa ndogo kiasi cha mtu kuona haya kuilalamikia, ilhali kwa pamoja zilinimaliza. Kiswahili cha karibu nilichopata ni "kumkamua mtu kidogo kidogo".

Mzee, Mombasa
Wanangu, nimesoma yote. Kabla ya tarehe 15 Februari 1971, paundi ya Uingereza ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa na peni 12, kwa hiyo paundi moja ilikuwa peni 240. Ukijua hesabu hiyo ndipo utakapouona uzito wa "penny wise and pound foolish", yaani mtu anayebana peni huku akipoteza paundi nzima. Shilingi waliiita "bob"; yao imeondoka, na sisi Kenya bado tunasema "ten bob" kila siku sokoni.

Binti yangu wa Leicester, bibi yako aliijua peni ile kubwa ya zamani, na huenda aliitumbukiza katika milango hiyo tangu usichana wake. Mbele ya mgeni, pengine hilo ndilo neno pekee la heshima alilokuwa nalo.