Banki inataka sertifika ya lupango (kiwanja na nyumba) yangu juu ya deni ya KADI. Hapana!!

Bandugu nimekasirika sana leo. Banki moja hapa Lubumbashi, jina sitaji, ilinipa kadi ya kredi, makuta yakaenda kwa mabati ya nyumba na minervali (makuta ya masomo) ya batoto, sasa deni iko 2.000 dolari, interesi 2,5% KILA MWEZI. Pigeni hesabu benyewe, interesi peke yake ni dolari 50 kwa mwezi. Na kwa karatasi yao banaandika "malipo ya chini: 60". Yaani nikilipa ile 60, dolari 10 tu njo inapunguza deni. Kumi!! Na simu banapiga mpaka siku ya Mungu tukiwa kanisani.

Nikaenda kule nikabaambia wazi: fungeni kadi, simamisheni interesi, mi nitalipa 100 kila mwezi mpaka iishe. Bakakatala. Kijana wa kredi ananijibu, "Papa, si uko na lupango Kampemba? Leta sertifika tuweke ipoteki, lupango ikuwe rehani ya deni, tunakupa mkopo mupya wa 1,5% kwa mwezi, miaka 5, utakuwa unalipa 51 tu kila mwezi."

51 tu! Mara miezi 60 ni 3.060, na hapo bado notere na konservatere (bale banaandikisha ipoteki) hawajakula yao. Hata na ile interesi kali ya kadi, nikilipa 100 kwa mwezi deni inaisha kwa miezi kama 28, jumla karibu 2.800. Sasa nani anasaidiwa hapo?

Lakini makuta si kitu kinaniuma zaidi. Deni ya kadi haina rehani. Nikishindwa, lazima baende tribinali bapate hukumu kwanza, njo baanze kutafuta cha kukamata. Nikisaini ipoteki, inaandikwa juu ya sertifika yenyewe, na najua hata ipoteki inapita tribinali, lakini sasa nyumba njo iko mbele ya vyote, hawatafuti kitu kingine. Deni ya mabati inageuka deni ya nyumba nzima, na kijana anaita ile "kukupunguzia mzigo"!! Ile lupango baba aliimaliza na makuta ya kutoka kazi kwa Gécamines, kampuni ya migodi, wakati ule wa 2003 bafanyakazi zaidi ya 10.000 banatoka kwa hiari, wengi wao hawakubakiwa na kitu kingine. Mama analala mule mpaka leo.

Dada yangu mdogo ako Marekani anasema kule nako banasukuma batu vile vile, lipa kadi na mkopo wa nyumba. Ila kule tangu sheria ya 2009 karatasi ya kila mwezi lazima ikuonyeshe utamaliza deni lini ukilipa kiasi cha chini peke yake. Huku kwetu karatasi inaandika 60 na inanyamaza, wewe ulipe tu miaka na miaka.

Bibi yangu amekatala kusaini, na kodi ya familia (sheria ya ndoa na familia) inataka bibi na bwana bakubali bote bawili, kwa hiyo ile ipoteki haipiti, wapige simu mpaka wachoke.

Mwenye banki ilishamusimamishia interesi aseme hapa: uliandika barua ya namna gani na ulimupelekea nani, jeran wa ajansi ao kwa direksyo Kinshasa? Nataka kuipeleka wiki hii.