Tupeane uzoefu: kubadilisha kompyuta chakavu kwenye maabara ya sayansi, sekondari za serikali

MwlFizikia
Wakuu, habari za humu. Shule nyingi za serikali bado zina kompyuta za Pentium 4 na Core 2 Duo kwenye maabara za sayansi, nyingine na monita za kichogo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Mada za chumba cha TEHAMA ziko nyingi. Maabara ina mambo yake: tindikali, masinki, vipima data, mizani. Tupeane uzoefu wa huko: kipi kibaki, kipi kinunuliwe, kipi huharibika na kwa nini.

FundiDiski
Kabla ya kuandika bajeti, fungua kila mashine na uigawe kwenye moja ya makundi mawili. Yenye utepe mpana wa IDE kwenye diski, usiihangaikie. Yenye SATA (kebo nyembamba ya diski) na prosesa ya Core 2 Duo au i3/i5 za mwanzo inaweza kufanya kazi miaka kadhaa zaidi.

Kinachoifanya ionekane imekufa mara nyingi ni diski ngumu ya kuzunguka. Weka SSD (diski isiyozunguka) ya inchi 2.5, GB 240, na RAM ifike angalau GB 4. Ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla mfumo haujawaka) kwanza, badilisha hali ya SATA kutoka IDE kwenda AHCI, ndipo usakinishe mfumo. Ukibadilisha baada ya kusakinisha Windows, utapata skrini ya bluu.

Tahadhari ya RAM: DDR2 za GB 4 za bei poa zinazouzwa mtandaoni nyingi ni za bodi za AMD pekee. Ukiziweka kwenye bodi ya Intel, mashine haiwaki.

Badilisha pia betri ya CR2032 kwenye bodi. Ikiisha, tarehe inarudi nyuma miaka mingi na kivinjari kinakataa karibu kila tovuti kwa kudhani cheti cha usalama si halali. Watu huita fundi wa intaneti kumbe tatizo ni betri ndogo.

Angalia na kapasita, vile vikopo vidogo vya duara kwenye bodi. Zikiwa zimevimba juu au zimevuja utomvu wa kahawia, usiweke SSD mpya hapo, maana bodi hiyo haina muda.

Kariakoo_PC
Kwa wanaonunua mtumba: "Core i5" peke yake haisemi kitu. Soma namba. i5-2400 ni kizazi cha pili, i5-6500 ni cha sita, i5-8500 ni cha nane. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4 na diski GB 64. Kwa matumizi ya darasani GB 8 ndiyo kiwango cha kweli.

Mashine ikisema haina TPM, usiikatae papo hapo. Mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS. Kwa Intel tafuta PTT, kwa AMD tafuta fTPM, uwashe.

Kuna wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine kongwe kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kusakinishia. Toleo la 24H2 linahitaji maagizo ya SSE4.2 na POPCNT, kwa hiyo kwenye Core 2 Duo haliwaki kabisa. Msiahidi mkuu wa shule kitu hicho.

Dukani, usilipe kabla ya haya: washa kwa flashi ya Linux (mfumo wa bure mbadala wa Windows), andika `lscpu` uone prosesa halisi, `free -h` uone RAM, `smartctl` uone saa za diski. Ingia BIOS uhakikishe haina nywila ya kampuni ilikotoka. Angalia milango ya skrini pia. Mashine ndogo nyingi za ofisi zina DisplayPort pekee, na monita zenu zina VGA. Adapta inayohitajika ni ile inayogeuza mawimbi, si kebo tupu. Iwekeni kwenye bajeti, moja kwa kila mashine.

Mtaalamu_Maabara
Nashukuru mwenye mada kutaja tindikali, maana hapa ndipo pesa za umma zinapopotelea. Mvuke wa asidi ya hidrokloriki na wa nitriki ukikutana na unyevunyevu hula shaba na miguu ya vipande vya bodi. Feni ya kompyuta inauvuta mvuke huo mchana kutwa. Dalili ni kijani au weupe kwenye milango ya USB, kisha RAM inaanza kugoma. Amonia nayo inashambulia shaba.

Kwa hiyo kompyuta zisikae maabara ya kemia kama kuna chumba kingine. Kama hakuna:
- Ziwe ukuta ulio mbali na kabati la kufyonza mvuke na stoo ya kemikali. Chupa za asidi iliyokolea zisilale chumba kimoja na kompyuta.
- Zisikae benchi moja na sinki, na CPU isiwekwe sakafuni. Siku ya kudeki maji yanaingia.
- Siku ya praktiko ya kemia zizimwe na zifunikwe, madirisha yawe wazi. Feni iliyosimama haivuti kitu.

Jambo la pili ni vipima data na mizani. Vifaa vya zamani vya maabara vinatumia mlango wa siriali wa pini 9, ambao kompyuta mpya hazina. Adapta ya USB kwenda siriali inafanya kazi, lakini nunua yenye chipu halisi. Chipu bandia za PL2303 zinakataliwa na dreva mpya za Windows, na utadhani mizani ndiyo imekufa. Kamera za hadubini nazo: zinazofuata kiwango cha UVC hufanya kazi popote bila dreva, nyingine zina dreva za biti 32 tu.

Ushauri wangu: bakiza mashine moja ya zamani iliyo nzima, iondoe kabisa kwenye mtandao, ihudumie vifaa hivyo. Ibandike karatasi "ISIUNGANISHWE INTANETI".

Umeme_Salama
Hesabu ya umeme ndiyo hoja ya kumshawishi mkuu wa shule na bodi. Core 2 Duo ya mezani pamoja na monita ya kichogo hula karibu wati 150. Ishirini ni wati 3,000. Mashine ndogo ya ofisi na monita bapa hukaa wati 40 hadi 45 kwa kazi za kawaida, ishirini ni kama wati 900. Kwa saa 6 kwa siku, hiyo ni uniti 18 za LUKU dhidi ya 5.4.

Soketi ya 13A mwisho wake ni karibu wati 3,000, kwa hiyo usichomeke safu nzima kwenye ekstensheni moja na kuendeleza nyingine juu yake.

Kuna tatizo linalosumbua watu sana: swichi ya usalama ya 30mA inakatika bila sababu inayoonekana. Kila pawa saplai huvujisha umeme kidogo kwenda kwenye ethi. Ukiziweka 20 kwenye swichi moja, uvujaji unajumlishwa na swichi inakata ikidhani kuna mtu amepigwa shoti. Dawa ni kugawa mashine 8 hadi 10 kwa kila swichi. Kamwe usikate waya wa ethi "ili itulie". Hiyo ni maabara yenye maji na watoto.

Mdau_Diaspora
Tunaotuma kompyuta za msaada kutoka Marekani tujue nini?

Umeme_Salama
Mkuu, angalieni nyuma ya pawa saplai. Ikiwa na swichi nyekundu ya 115/230, isogezeni kwenye 230 kabla ya kufunga boksi na mbandike tepu juu. Ikichomekwa kwenye umeme wa Tanzania ikiwa 115, inalipuka sekunde hiyo hiyo. Tumeni pia nyaya za pini tatu za Uingereza. Na tafadhali msitume monita za kichogo. Mnatuma taka.

LinuxShuleni
Kwa zile za Core 2 Duo alizotaja FundiDiski, Linux Mint ya Xfce, toleo jepesi, inatosha. Mashine za biti 32 muda umekwisha: Mint ya kawaida iliishia toleo la 19 kwao, na Debian 13 ya 2025 haina tena kisakinishi chake.

Majaribio ya sayansi ya kwenye skrini ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mengi sasa ni HTML5. Kila moja la HTML5 ni faili moja unaloweza kulipakua na kulifungua kwa kivinjari bila intaneti, na baadhi yana tafsiri ya Kiswahili. Kama maandalio ya somo yenu bado yanaelekeza kwenye majaribio ya Flash, yabadilisheni, maana Adobe ilifunga Flash mwisho wa 2020.

Mashine yenye nguvu kuliko zote iwe seva ya Kolibri na Kiwix (programu za kusoma masomo na vitabu bila intaneti), nyingine ziunganishwe kwa swichi ya mtandao na kebo za Cat5e. Wanafunzi wanafungua kivinjari tu.

Kusakinisha zote: andaa moja hadi ikamilike, kisha inakili kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Diski pokezi lazima iwe sawa au kubwa kuliko ya asili. Mkichanganya SSD za GB 240 na 256, andaeni ya 240 kwanza, la sivyo nusu ya darasa itagoma. Badilisha jina la kila mashine baadaye.

Afisa_Manunuzi
Kwa Tanzania, ununuzi wa taasisi za umma unapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Andikeni vigezo, si jina la kampuni: kizazi cha prosesa, RAM, aina ya diski, mlango wa skrini, dhamana. Mkiandika "kompyuta 20 za kisasa" mtaletewa chochote.

Za zamani ni mali ya umma. Ziko kwenye rejista, na mwalimu hana mamlaka ya kuziuza wala kuzigawa. Anzeni na orodha yenye namba za mali na hali ya kila moja, ipelekwe halmashauri na barua ya kuomba kuzifuta. Diski zenye alama na majina ya wanafunzi zifutwe kwa nwipe (programu ya kufuta diski moja kwa moja) kabla hazijatoka shuleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

MwlKemia_Nrb
Huku Kenya taka hizi hupelekwa WEEE Centre, Nairobi.

Afisa_Manunuzi
Kwetu kuna Kanuni za 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya NEMC, baraza la mazingira la taifa. Mpeni mkusanyaji mwenye kibali, mchukue hati ya makabidhiano muiweke kwenye faili la mali. Monita za kichogo zisivunjwe shuleni, kioo chake kina risasi.