Gereji imeuza injini ya asili ya Datsun 240Z yangu kama skrepa, na waliyoifunga gia haziingii

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972. Kwa wasioijua, ni ile ya milango miwili yenye boneti ndefu, aina ileile aliyoshinda nayo Edgar Herrmann Safari Rally ya 1971, na Shekhar Mehta naye akaibeba tena 1973. Huku kwetu zilizobaki ni za kuhesabu. Injini yake ni L24, silinda 6 za mstari mmoja, cc 2393, kabureta mbili. Ilishaanza kula oili na giaboksi ikawa inalia kila ukiitafuta gia ya pili. Nikapata L28 ya cc 2753 na giaboksi ya gia tano, vyote vimetoka kwenye Datsun 280ZX iliyochinjwa. Uzuri wake ni kwamba L28 inakaa kwenye maunti (miguu inayoshikilia injini) zilezile za L24. Hakuna kuchomelea wala kukata bodi.

Makubaliano yaliandikwa na fundi mkuu akasaini: watoe injini na giaboksi, wafunge hizi nilizoleta, wahamishie kabureta zangu, na L24 yangu nirudishiwe nzima. Nilitaka ikae nyumbani mpaka nipate pistoni za kuifanyia ovahoo. Tangu siku ya kwanza yule bwana alikuwa ananishawishi nifunge 1G, injini ya Toyota Mark II Grande. "Bosi, spea zake ziko kila kona, hii Datsun utalala nayo njaa." Nikamwambia fundi, sikukuletea gari unichagulie injini.

Sasa sikieni kazi yenyewe. Kwenye gari hili injini na giaboksi vinatoka pamoja, kwa juu. Unafungua boneti yote unaiweka pembeni, unatoa rejeta, unachomoa mkono wa gia ukiwa ndani ya gari, unashusha propela, unafungua silinda ndogo ya klachi, waya wa spidi na waya wa taa ya rivasi, unaweka jeki chini ya giaboksi, unafungua krosimemba ya nyuma (chuma kinachobeba giaboksi), ndipo cheni bloku inavuta huku mkia ukilala chini. Ni kazi ya watu wawili wenye akili. Hawa waliacha boneti mahali pake, eti bawaba zina kutu. Wakatoa injini peke yake kwa kuilazimisha. Matokeo yake kona ya boneti imebonyea na rangi imebanduka mpaka bati linaonekana. Propela wakaichomoa bila kuziba mkia wa giaboksi, oili yote ikamwagika chini, na dogo mmoja akaifagia kwa maranda ya mbao huku anapiga mluzi.

Hayo ningeyameza. Boneti inanyooshwa, rangi inapigwa.

Siku ya kukabidhiwa gari, injini inawaka, lakini gia haziingii. Ukikanyaga klachi mpaka chini, gia ya kwanza inakwaruza na rivasi ndiyo kabisa, unasikia meno yanasagana. Fundi mkuu akasema tatizo ni silinda kuu ya klachi, ninunue mpya. Nikanunua. Hakuna kilichobadilika. Akasema silinda ndogo ya chini. Nikanunua. Yaleyale. Akasema hose imevimba. Hapo nikaondoka na gari langu juu ya breakdown, nikampelekea mzee mmoja aliyewahi kushika hizi Datsun enzi zake.

Mzee hakugusa silinda hata moja. Aliuliza swali moja tu: "Walifunga presha pleti ya wapi, na kola ya bearing ya wapi?" Akashusha giaboksi, akatoa kipimo mfukoni. Hapa ndipo nilipojua nimefanyiwa kazi na watu wa kubahatisha. Ile bearing inayosukuma presha pleti, yaani bamba linalobana diski ya klachi, inakaa juu ya kola ya chuma, na kwenye magari haya kola zipo za vimo tofauti, kila moja na presha pleti yake. Klachi zenyewe zipo za milimita 225 na za milimita 240. Ukichanganya, injini na giaboksi vitafungana vizuri tu, hutagundua kitu kwa macho. Kola ikiwa fupi, uma (mkono unaoisukuma) unafika mwisho wa safari yake kabla klachi haijaachia. Ikiwa ndefu, klachi inateleza mpaka inaungua. Kuanzia uso wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, mpaka pale uma unapogusa kola inatakiwa iwe kama milimita 92. Wao walichukua flaiwili na presha pleti za L24 yangu, wakaacha kola iliyokuja na giaboksi mpya. Hawakupima. Kipimo cha elfu chache tu! Mimi nimenunua silinda mbili na kulipia breakdown kwa sababu mtu kaona uvivu kuweka rula.

Mzee akaendelea kuchungulia. Distributa imezungushwa mpaka mwisho wa tundu lake la kurekebishia na bado taimingi (wakati wa plagi kupiga moto) imechelewa. Walibadilisha pampu ya oili, na kwenye L-series, yaani familia ya L24 na L28, shafti ya pampu ndiyo inayozungusha distributa, kwa hiyo ukiirudisha ikaruka jino moja, hakuna kuzungusha kutakakokuokoa. Pistoni namba moja inawekwa juu kwanza, ndipo shafti inapandishwa kwa alama yake. Kumbe ndiyo maana injini ilikuwa inachemka na kukosa nguvu ukikanyaga mafuta, huku wao wananiambia "itazoea."

Injini itazoea nini?

Nikarudi gereji kudai L24 yangu. Kwanza iko stoo. Halafu mwenye funguo kasafiri. Mwisho dogo wa mluzi akasema mbele ya wote kwamba ilishapakiwa na watu wa skrepa pamoja na vyuma vingine. Fundi mkuu hata hakuona haya: "Bosi, si ilikuwa mbovu? Umeshafunga nyingine." Nikamtolea karatasi yenye saini yake. Akasema atanikata kidogo kwenye ufundi.

Kunikata! Ile blok ina namba inayolingana na bamba dogo lililo ndani ya boneti na inayolingana na kadi ya gari. L24 nyingine naweza kuitafuta, lakini yenye namba ile ilikuwa moja tu. Na L28 nayo ina namba yake na cc zake, kwa hiyo kadi lazima ibadilishwe, na nilitaka ya zamani iwepo ili siku moja gari lirudi lilivyozaliwa. Yeye kaipima kwa kilo.

Jina la gereji siliweki hapa, uzi usije ukafutwa, na suala liko kwa mwanasheria. Ninachoomba ni hiki. Kama uko kwenye biashara ya skrepa Dar, au una jamaa huko, angalia blok ya chuma ya silinda 6 yenye herufi L24 zilizogongwa pamoja na namba upande wa plagi, nyuma, karibu na inapofungwa kengele ya giaboksi. Ilikuwa na kovu la kuchomelewa kwenye mguu wa maunti ya kulia. Hata kama silinda hedi haipo, hata kama krenki imeshatolewa, usiivunje. Njoo PM na picha ya namba. Bei ya skrepa nalipa mara tatu, na usafiri juu yangu.

Na mnaokuja kuniambia ningefunga 1G, pitieni uzi mwingine.