Mjadala: Mwalimu wa shule ya msingi Mwanza alazimishwe kutumia zana ya mtandaoni darasani kila wiki?

Gati la Kamanga (mfungua hoja)

Hoja naiweka wazi ili ipigwe wazi: kila mwalimu wa shule ya msingi mkoani Mwanza atakiwe kutumia walau zana moja ya mtandaoni ndani ya kipindi, kila wiki, na mwalimu mkuu aikague kama anavyokagua andalio la somo.

Naunga mkono. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na vingi vinakaa kabatini vikisubiri siku ya kujaza takwimu. Mtaala ulioboreshwa ulianza 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na unataka mtoto aonyeshe umahiri, si kukariri. Vitabu vya kiada vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vinasomwa bure mtandaoni, hadithi za Kiswahili za African Storybook zina leseni huria, vipindi vya Ubongo Kids vimetengenezwa hapa hapa nchini. Anayepinga aje na zana na hesabu.

Chaki na Dasta

Napinga maneno mawili tu, "atakiwe" na "ndani ya kipindi".

Kipindi cha darasa la tatu kwenda juu ni dakika 40. Darasani wamo watoto 90. Kioo cha kishikwambi ni kidogo kuliko daftari kubwa lililofunguliwa, kwa hiyo kuanzia dawati la tatu mtoto anaangalia kisogo cha mwenzake. Atakayejibu "nunua projekta" alikumbuke jua la saa nne asubuhi kwenye chumba chenye madirisha pande mbili. Chini ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 za kweli picha inafifia hadi tarakimu hazisomeki. Zile projekta ndogo za bei rahisi huandikwa namba kubwa kwenye boksi, lakini mwanga wake unafaa chumba chenye giza, na darasa letu haliwi na giza.

Sauti nayo. Mvua ikipiga bati, spika ya kishikwambi haisikiki hata dawati la kwanza. Na kwa madarasa ya jioni kando ya ziwa, wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi hufuata taa. Wakiingia kwenye matundu ya hewa ya projekta wanaziba kichujio, mashine inapata joto na kujizima.

Sisemi zana hazifai. Nasema kazi yake kubwa iko mezani pa mwalimu kabla ya kipindi. Picha ya mzunguko wa maji ikichorwa vizuri kwenye manila kutoka mtandaoni inaonekana na watoto wote 90, haina chaji, na mwakani ipo.

Nansio Taaluma

Mwalimu Chaki, kuhusu kioo uko sahihi, lakini umedhani zana lazima itazamwe na watoto. Ipo inayowatazama wao. Plickers inahitaji simu moja tu, ya mwalimu. Kila mtoto anashika kadi ya karatasi yenye alama ya mraba, na pande zake nne zina herufi A, B, C na D. Anageuza kadi ili herufi ya jibu lake iwe juu, mwalimu anapitisha kamera darasani taratibu, na majibu yanaingia kwa namba ya kadi. Herufi ni ndogo, na kila kadi ina mchoro wake, hivyo jirani hawezi kunakili kwa jicho.

Yanayoharibu kazi ni haya. Kadi zikipigwa leminesheni inayong'aa, mwanga wa dirishani unarudi kwenye kamera na alama haisomeki. Bandika karatasi ya kawaida juu ya boksi gumu kwa gundi, inatosha. Kidole kikifunika kona ya alama, kadi inarukwa, kwa hiyo wafundishwe kushika kwa ukingo, na zoezi hilo peke yake lipewe kipindi kizima mara ya kwanza. Watoto wa nyuma wapewe kadi kubwa, moja kwa ukurasa mzima wa A4.

Thamani yote iko kwenye majibu yasiyo sahihi. Ukiuliza ½ + ⅓, usiweke namba za kubahatisha. Weka ⅖, anayeichagua amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Weka 2/6, huyo amepata asili ya pamoja lakini hakubadilisha viasi. Weka ⅔, huyo amejumlisha viasi na kuiacha asili ya sehemu ya pili ilivyo. Ndani ya dakika mbili unajua urudie nini na kwa nani, na hilo madaftari 90 yatakuambia kesho kutwa.

Chaki na Dasta

Seti kubwa ya Plickers ina kadi 63, ya kawaida 40. Watoto 90 utawapa wawili wawili, na hapo unapima jozi, na kwenye jozi anayejua ndiye anageuza kadi. Halafu programu yenyewe inataka mtandao ili ilete maswali na kupeleka majibu. Vibao vinne vya boksi vyenye A, B, C, D, watoto wakafumba macho na kuinua, vinakupa picha ile ile bila bando.

Nansio Taaluma

Vibao vinakupa picha, havikupi kumbukumbu. Ijumaa hutajua ni nani aliyekosea Jumanne. Suala la jozi nakubali, ni udhaifu. Dawa yake ni kuuliza mizunguko miwili: nusu ya kwanza wajibu, kadi zihamie nusu ya pili kwa swali pacha, mfano ¼ + ⅓. Ni dakika nne zaidi.

Fundi Sola Igoma

Naongeza upande wa umeme, maana naona watu wanapanga bila kipimo.

Projekta yenye lumeni 3,000 inakula wati 280 hivi. Saa mbili kwa siku ni wati-saa 560, weka upotevu wa inveta, unafika kama 660. Betri ya asidi ya 12V 100Ah ina 1,200 kwa karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo tumia 600. Maana yake betri moja kubwa haitoshi saa mbili za projekta moja. Shule isiyo na umeme wa uhakika isianze hapo.

Sasa linganisha na sanduku la maktaba: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kiganjani) yenye programu ya Kolibri (maktaba ya masomo inayotumika bila intaneti). Inakula wati 5 hivi, kwa saa sita ni wati-saa 30. Pawabenki ya 20,000 mAh ina wati-saa 74 ndani, ukitoa upotevu zinabaki kama 55. Siku nzima imepita.

Hatua zake, kwa shule ya kisiwa cha Ukara au Kome ambako mtandao ni wa kupandia kilimani: weka Kolibri kwenye kompyuta mpakato huku mjini, pakua chaneli (mafungu ya masomo) unazotaka, zihamishie kwenye diski ya nje, vuka nayo. Kule, chomeka diski kwenye sanduku na uingize chaneli kutoka kwenye diski hiyo badala ya intaneti. Programu inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Vishikwambi vinaunganishwa kwa waifai ya sanduku lenyewe, kumi hadi kumi na tano kwa wakati mmoja bila kukwama.

Makosa matatu yanarudi kila mahali. La kwanza, kishikwambi kikiona waifai haina intaneti kinaihama kimya kimya na kurudi kwenye data ya simu, mwalimu anadhani sanduku limekufa. Zima data ya simu kwanza. La pili, waya mwembamba wa kuchajia unashusha volti na sanduku linajiwasha upya. Tumia waya mfupi na mnene. La tatu ndilo baya zaidi: kuchomoa umeme bila kuzima. Memori kadi inaharibika na kila kitu kinapotea. Tengeneza nakala ya kadi siku ya kwanza, ikae ofisini kwa mwalimu mkuu.

Gati la Kamanga

Fundi, basi hoja yangu inasimama hata visiwani. Pia tusisahau majaribio ya Tanga. Kati ya 2017 na 2019 watoto wa vijiji karibu 170 walijifunza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa vishikwambi kwa miezi 15, kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, na wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa darasani. Walisonga mbele. Watengenezaji wawili wa programu hizo, Kitkit School na onebillion, wakagawana tuzo 2019.

Takwimu za Kata

Ndugu Gati, mfano huo unaipinga hoja yako. Tanga kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake, na vituo vya sola vya kuchajia vilijengwa kijijini. Hapa tunazungumzia kishikwambi kimoja cha mwalimu mbele ya watoto 90. Ukitaka matokeo ya Tanga, omba vifaa vya Tanga.

Kwa kifaa kimoja, zana yenye faida kubwa kuliko zote haijatajwa: jedwali la alama, Excel au Google Sheets, linalofanya kazi hata bila mtandao. Alama ziko kati ya 50, kwa mpangilio wa NECTA (Baraza la Mitihani) wa A 41–50, B 31–40, C 21–30, D 11–20, E 0–10. Kama alama iko C2, andika:

=IF(C2="","",IF(C2>=41,"A",IF(C2>=31,"B",IF(C2>=21,"C",IF(C2>=11,"D","E")))))

Ile sehemu ya kwanza, C2="", isiachwe. Bila hiyo, mtoto ambaye hakufanya mtihani anapewa E. Na asiyekuwepo usimwandikie 0, acha kisanduku wazi, kwa sababu sifuri inashusha wastani wa darasa na kisanduku kitupu hakihesabiwi. Simu nyingine zinakataa koma na kutaka nuktamkato ndani ya fomula, ni mpangilio wa lugha ya simu. Hatari kubwa ni kupanga majina kwa alfabeti ukiwa umechagua safu ya majina peke yake. Majina yanahama, alama zinabaki, na kila mtoto anapata alama za mwingine. Chagua jedwali lote kwanza, na uweke safu ya namba ya mtoto ili kuhakiki.

Mzazi wa Mabatini

Mimi nauliza kuhusu watoto wenyewe. Hayo majedwali yenye majina na alama hurushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, wazazi zaidi ya mia wanasoma nani kashika mkia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye taarifa nyeti. Mkilazimisha zana, lazimisheni na hili.

Takwimu za Kata

Mama, swali lako lilipaswa kuwa la kwanza. Kwenye zana za nje kama Plickers, andika namba ya kadi na jina la kwanza, au namba peke yake, na orodha kamili ibaki kwenye daftari. Matokeo yaende kwa mzazi mmoja mmoja. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inatuma ujumbe kwa kila mtu faragha, ila haimfikii ambaye hajahifadhi namba ya mwalimu. Mwenye kiswaswadu atumiwe SMS. Kundi liwekwe kwenye hali ya wasimamizi tu kutuma, litumike kwa ratiba na vikao.

Chaki na Dasta

Na akili mnemba? Walimu wengi sasa wanaandikiwa andalio la somo na ChatGPT au Gemini.

Nansio Taaluma

Inaokoa muda kwa sharti moja: usiombe "somo la darasa la nne". Ukiomba hivyo inakuletea muundo wa Kenya au Marekani. Nakili umahiri mahususi na shughuli kutoka kwenye muhtasari wa TET, ubandike, kisha uombe maswali kumi ya ngazi tatu. Halafu soma kila neno. Kwenye Hisabati inachanganya kigawe na kigawo, na hilo si kosa dogo: KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 4 na 6 ni 12. KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yao ni 2. Mtoto akifundishwa kinyume, kosa hilo analibeba hadi darasa la saba. Mifano yake pia ibadilishwe. Swali la theluji litoke, liingie la ndoo za dagaa mwaloni Kirumba.

Gati la Kamanga

Nimesikia, na nabadilisha hoja. "Ndani ya kipindi" inaondoka. Inakuwa: kila mwalimu aonyeshe kwenye andalio la somo zana moja ya kidijitali aliyotumia kuandaa, kufundisha au kupima, kila wiki. Bando lilipwe na shule. Video ya dakika tano kwa ubora wa chini ni kama MB 30. Vipindi vitano kwa wiki, wiki 20 za muhula, ni GB 3 kwa mwalimu, GB 45 kwa walimu 15. Lakini mmoja akipakua na wengine wakapokea kwa Bluetooth au memori kadi, shule inalipia mara moja.

Chaki na Dasta

Kwa sura hiyo naunga mkono, ila bando liandikwe kuwa ni fungu la shule. Elimu bila ada ilianza 2016, na mchango wa bando usirudi kwa mlango wa nyuma.

Nansio Taaluma

Mimi bado siungi. "Kila wiki" itazaa maandishi: mwalimu ataandika "nimetumia YouTube" kila Ijumaa na mkaguzi ataweka tiki. Afadhali mara mbili kwa muhula, na mwalimu aambatanishe swali alilouliza, watoto wangapi walichagua kila jibu, na alichorudia kufundisha baada ya hapo.